Barua za Jikoni: "Mai" Si Mayai

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, barua zangu hubadilika. Za mchuzi na pilau hukoma, zikaja za vitamu vya Idi: vileja (biskuti za unga wa mchele), nankhatai na visheti, na karibu kila moja ina marehemu ndani yake. Mwezi huu nimechagua tatu na kipande. Ya kwanza imekula nafasi kubwa kwa sababu imenigusa pabaya: makosa ya mwandishi wake, mengine niliwahi kuyafanya mwenyewe.

*Shikamoo Bi. Mimi ni mtoto wa Mkomani, Lamu, ila sasa naishi Mombasa. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana, nikarithi sanduku lake, na ndani mlikuwa na daftari la mapishi ya Idi aliloandika kwa hati ya Kiarabu. Nilisoma chuo cha Kurani hadi nikahitimu, kwa hiyo herufi nazijua, lakini Kiswahili chake kilinitoa jasho. Ukurasa wa vileja ulinitokea hivi: "Ugha wa mtili kibaba 2. Samli ratili 1. Sukari ratili 1 kasoro robo. Hiliki 20. Mai ya mawardi 3. Viini 2. Moto juu." Basi, hayo tu. Nilikisia mtili ni mchele, nikanunua unga wa mchele wa pakiti, nikapasua mayai matatu, nikatonesha mawardi, nikaongeza viini viwili. Vimetoka vigumu kama kete za bao. Mjomba aliuma kimoja akaniuliza kama nataka kumng'oa jino. Vya bibi vilikuwa vikiyeyuka ulimini. Je, bibi alikosea kuandika, au alificha kitu makusudi? Nakuwekea picha ya ukurasa wenyewe.* (Mjukuu wa Mkomani)

Marahaba, mjukuu wangu, na Mungu amrehemu bibi. Hakukosea wala hakuficha. Umekosea wewe, na kosa lenyewe ni la kusoma kabla halijawa la kupika.

Irabu za Kiarabu ni tatu, zetu sisi ni tano. Bibi zetu waliandika e na i kwa alama moja, kasra, wakamwachia msomaji atambue, na msomaji waliyemkusudia alikuwa mtu wa nyumba ile ile asiyehitaji kuelezwa. Sauti ya ng wengi waliiandika kwa herufi ghaini, ndiyo maana unga wako umegeuka "ugha". Na "mtili" ni mtele, yaani mchele kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kama tusemavyo mato tukikusudia macho, na kitwa tukikusudia kichwa. Hapo ulikisia, ukapita salama. Ulipozama ni penye "mai". Mai ni maji, mwanangu! Mai ya mawardi ni maji ya waridi, na ile tatu ni vijiko vya kulia. Mombasa imekuharibu sikio. Umetia mayai matatu mazima, na juu yake viini viwili, katika unga uliotaka viini viwili peke yake. Ute wa yai ukipata moto hukaza. Mjomba ana haki na jino lake.

Sasa vipimo. Ratili ni gramu 450 na kidogo, hiyo haina ubishi. Kibaba ndicho chenye maneno. Vibaba vinne hufanya pishi moja, na kibaba kimoja huingia maji zaidi kidogo ya nusu lita. Lakini kila nyumba ilikuwa na kibaba chake. Cha mama yangu kilikuwa kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu ukingoni, na lilikaa ndani ya mtungi wa mchele miaka yote, hata hatukulihesabu kuwa chombo. Kwa hiyo rudi kwenye lile sanduku, au umuulize anayekaa nyumba ile sasa. Pakitokea kikopo kisichoeleweka ni cha kazi gani, huenda ndicho. Kijaze mchele, ufute juu kwa kiganja, ukipime kwa mizani. Usipokipata, chukua mchele gramu 900 kwa vile vibaba viwili, samli 450, sukari 340. Ukipenda kujaribu kwanza, gawa kila kitu kwa mbili.

Lakini hata ungesoma sawa na kupima sawa, visingeyeyuka ulimini. Tazama tena ukurasa. Una vitu sita na maneno mawili ya kazi: moto juu. Hakuna kuloweka, hakuna kuanika, hakuna kutwanga wala kuchekecha wala kupiga samli. Hayo yote mikono ya bibi ilikuwa imeyahifadhi. Aliandika hesabu kwa sababu hesabu ndiyo ilikuwa ikimtoka kutoka Idi moja hadi nyingine. Na "moto juu" aliandika, nadhani, kwa sababu mwaka mmoja viliungua chini.

Nina haki ya kusema haya. Nikiwa na miaka 15 mama yangu alishikwa na homa siku nne kabla ya Idi, akaniachia vileja. Nyumba yetu iko Langoni, hapo hapo Lamu, na kinu kilikuwa uani chini ya ngazi. Nikaona kutwanga ni adhabu. Nikabeba mchele mkavu kichwani hadi kwenye mashine ya kusaga, na mashine ilikuwa ndiyo kwanza imalize mahindi ya mtu. Unga ukatoka wa moto, chembe zake kali kama mchanga wa pwani, na umanjano wa mahindi ndani yake. Vileja vikaoka, vikapendeza macho, na kila nilichokishika kikamwagika mkononi. Mama hakunigombeza. Siku ya Idi aliwaletea wageni vile vileja ndani ya visahani vya kahawa, kila kisahani na kijiko chake, akawaambia ndivyo vinavyoliwa siku hizi. Shangazi yangu mmoja mpaka leo nikimkaribisha biskuti huniomba kijiko.

Sababu ni hii. Unga wa ngano una gluteni, ule mvutano unaoufanya mkate ushikane. Mchele hauna. Kinachokishika kileja ni samli, na samli hushika unga mwembamba tu. Mchele mkavu ukisagwa huvunjika chembechembe. Uliolowekwa hulainika hadi moyoni, na ukitwangwa huwa vumbi. Unga wa pakiti mara nyingi umesagwa mkavu. Usugue baina ya vidole viwili: ukiusikia una mchanga, upikie uji.

Basi fanya hivi. Loweka mchele usiku kucha. Usinunue pishori ya Mwea kwa kazi hii. Harufu yake itamezwa na hiliki na mawardi, na pesa zako zitakuwa zimekwenda maji. Chenga zinatosha, na bei yake ni ya chini. Asubuhi uchuje, uutandaze juu ya kanga safi kivulini, mpaka ukiufumbata usikulowanishe kiganja. Twanga, au utie katika blenda kidogo kidogo, upumzishe mashine kila mara ili unga usipate moto. Chekecha kwa chekeche la macho madogo kabisa, yanayobaki yarudi kinuni. Kisha uanike tena mpaka ukauke. Ndiyo, ni kazi ya siku nzima, na zamani ilikuwa ya wanawake watatu wenye habari nyingi za mtaani.

Samli iwe imeganda. Nyumbani tulipenda ya ng'ombe wa wafugaji wa bara, ile yenye harufu ya moshi kwa mbali. Ukikosa, ya dukani haina ubaya. Siagi usitie. Siagi ina maji ndani yake, na samli maji yamekwisha kuchemshwa yakatoka, nayo ndiyo tofauti baina ya kileja kinachovunjika na kinachotafunwa. Saga sukari iwe laini, ipige na samli kwa kiganja, upande mmoja usigeuze, mpaka iwe nyeupe na nyepesi kama malai. Kuna wanaosema kugeuza upande hakudhuru. Mimi sijawahi kujaribu na sina haja. Tia kiini kimoja, mai ya mawardi (umesikia?), hiliki uliyoiponda, kisha unga kidogo kidogo. Kiini cha pili ni cha madoa ya juu, ukichanganye na nyuzi chache za zafarani. Daftari halisemi hivyo, nasema mimi, maana ndivyo vilivyokuwa vileja vya Mkomani nilivyovila, kila kimoja na jicho lake la manjano. Ukipika nusu, kiini kimoja kitatosha kazi zote mbili.

Finyanga kama ndimu ndogo, bonyeza katikati kwa kidole gumba, weka doa. Unga ukikuvunjikia kabla ya kuoka, usiongeze maji. Uminye zaidi, joto la kiganja litaamsha samli.

Na "moto juu" ni huu: sufuria nene juu ya seredani, yaani jiko la makaa, makaa machache chini, mfuniko wa bati umebebeshwa makaa mengi juu, ya vifuu ikiwezekana kwa kuwa hushika joto. Wewe wa Mombasa una oveni. Digrii 160, trei katikati, dakika 20 hadi 25. Ukingoja viive rangi umechelewa. Kileja hubaki cheupe, uso wake ukapasuka nyufa kama tope lililokauka, na chini kikapata rangi ya mchanga tu. Kisha toa, weka, ondoka. Usikiguse mpaka kipoe kabisa. Kikiwa moto samli ni maji, hakuna kinachokishika. Nimeona watu wazima, tena wasomi, wakishindwa na sharti hili moja.

*Bi, salamu nyingi. Ninakuandikia kutoka Shela, Malindi. Marehemu mama alikuwa akituokea nankhatai kila Idi, na sasa mke wangu na dada yangu wamegombana. Dada anasema nankhatai ni chakula chetu cha Kiswahili, mke wangu anasema ni cha Kihindi tumekiazima tu. Mimi niko katikati na sili. Tena za mke wangu zikiokwa hulala chapa kama chapati, za mama zilikuwa zimesimama. Tusaidie.* (Baba wa Watoto Wawili)

Shela ya Malindi, enhe, maana Lamu nako tuna Shela yetu, nilitaka kukuuliza umefikaje upande wetu bila kubisha hodi.

Mkeo anasema kweli kuhusu jina. Nan ni mkate kwa Kiajemi, na biskuti hii inajulikana sana kwao Gujarat, hasa mji wa Surat. Dada yako naye asione aibu. Malindi ndiko Vasco da Gama alikopewa rubani wa kumfikisha Calicut mwaka 1498, na alipofika Malindi aliwakuta wafanyabiashara wa Gujarat wametangulia. Sisemi nankhatai ilikuwa ndani ya chombo kimojawapo. Nasema mji uliokaa mlangoni pa njia hiyo karne ngapi sijui, kisha watu wake wakaoka kitu kila Idi mpaka mama mtu akafa nacho mikononi, hauna haja ya kuomba ruhusa kwa mtu. Waambie wote wawili wamepata, kisha ule kabla hawajaanza tena.

Kulala chapa ni jambo la samli. Mkeo anaiyeyusha, sivyo? Au anaipiga wakati wa kaskazi, jua la Malindi likiwa limeingia hadi kabatini, nayo imelegea yenyewe. Samli ya maji hukimbia ikiona moto, na unga huifuata. Aipige ikiwa imeganda, na akishafinyanga aweke trei ndani ya friji nusu saa, ndipo aoke. Na aangalie sukari: ikizidi, nayo huyeyuka ikatandaa. Kama mama alikuwa akitia unga wa dengu kidogo, vijiko viwili vitatu katika unga wa ngano, muulize dada. Dengu huipa ule uchangarawe wa kuvunjika na harufu ya kukaangwa. Atakumbuka. Binti hukumbuka rangi ya bakuli hata akisahau kipimo.

*Shikamoo. Nimeolewa Faza, kisiwani Pate, huu mwaka wa tatu. Mama mkwe wangu anaoka visheti na biskuti za nazi ambazo watu wanazifuata kwa mashua. Kila nikimwomba anifundishe huniambia "tia kadiri", nikimuuliza kadiri gani ananiambia "utaona". Sijaona. Nahisi hataki.* (Mkaza Mwana)

Marahaba. Huenda hataki, na huenda kweli hajui. Wapo wapishi ambao ukiwauliza vikombe vingapi ni kama umewauliza wanapumua mara ngapi. Vyovyote vile, acha kuuliza. Kuuliza kunamfanya ajione anahojiwa.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Siku ya kuoka amka mapema, pima mfuko wa unga, kopo la sukari na kopo la samli, andika, kisha ukakae chini umkunie nazi bila neno. Akimaliza, ukiwa unaosha vyombo, pima tena. Kilichopungua ndicho "kadiri". Kwa nazi hesabu vifuu. Fanya hivyo mara tatu, kwa sababu mara moja atakuwa ameonja sana au amemgawia mtoto wa jirani. Mbinu hii nilimfanyia mtu ambaye sitamtaja, naye alikuja kujua, akanicheka, akanionyesha kitu ambacho mizani isingenionyesha kamwe: alikuwa akiikaanga ile nazi kavukavu kabla ya kuitia. Kwa hiyo macho nayo yasiwe kwenye mizani tu.

Kipande ni cha msomaji wa Lamu aliyeuliza kwa nini biskuti zake hulegea siku ya pili. Kwa sababu ya hewa ya bahari, bwana wangu, hasa siku za masika. Zipoe kabisa kabla ya kufunikwa, zikae kwenye bati lenye mfuniko wa kubana na karatasi chini, na vileja visilale bati moja na mkate wa sinia hata kama mnabanana. Mkate una unyevu na huugawa. Zikishalegea, zirudishe kwenye moto mdogo dakika tano.

Mjukuu wa Mkomani, nilikuwa nimekwisha kuifunga barua yako nikaitazama picha tena. Pembeni mwa ukurasa kuna mstari mdogo uliosimama wima, kwa wino mwingine, ambao hukuutaja. Nadhani uliudhania ni mapambo. Unasema: "Sukari ratili 1 ya jirani wa ukutani, siyarejesha." Siyarejesha ni sijarejesha. Nyumba za Mkomani zinashirikiana ukuta, kwa hiyo jirani huyo, au watoto wake, hawako mbali. Ukienda Lamu kwa Idi wabebee sukari, gramu 450. Vileja utawapa zawadi kwenye sahani nyingine, lakini ile sukari uipime sawasawa na usizidishe, isije ikawa riba.